Ndoa ya Ufagio

Jumatatu ilikuwa siku ya kufua. Tempie aliwasha moto chini ya sufuria kubwa ya chuma. Akamimina maji, akakatakata sabuni ya majivu, akatumbukiza shuka za watu wa mjini. Binti yake Viney, mtoto wa miaka tisa, alishika mti mrefu akawa anakoroga huku anaimba. Mdogo wake, Juba, alikuwa ndani ya kapu kivulini, anatafuna kidole chake mwenyewe.

"Wewe Viney, unakoroga au unacheza?" Tempie aliuliza.

"Vyote viwili, Mama."

"Haya. Shuka ikichanika, yule mama wa mjini nitampelekea wewe ajifunike."

Viney alicheka mpaka akajimwagia maji miguuni. Tempie naye akacheka. Hakujua kwamba neno hilo litamuuma kabla jua halijafika utosini.

Nyumba yao ilikuwa pembeni mwa msitu wa misonobari, katika jimbo la North Carolina. Isham, mume wa Tempie, aliijenga kwa mikono yake baada ya vita. Ilikuwa na chumba kimoja, dohani ya udongo, na mlango uliokuwa unafungwa kwa ndani. Mlango huo Tempie aliupenda kuliko kitu chochote. Walipokuwa watumwa wa Bwana Kerrick, ng'ambo ya kijito, kibanda chao kilikuwa na komeo la nje tu.

Sasa walikuwa na shamba la viazi vitamu na mahindi, na nguruwe wawili. Isham aligema utomvu wa misonobari na kuuza. Tempie alifua. Hawakuwa matajiri, lakini hakuna aliyelala na njaa.

Shuka zilikuwa zinachemka lilipokuja gari la farasi. Juu yake alikaa Bwana Kerrick pamoja na askari wa wilaya. Kerrick hakushuka. Askari alishuka akiwa na karatasi mkononi.

"Huyu ndiye Viney?" askari aliuliza.

"Ndiye. Amefanya nini?" Tempie alijifuta mikono kwenye aproni.

"Hajafanya kitu. Mahakama ya wilaya imemweka chini ya Bwana Kerrick. Atakuwa mwanagenzi wake mpaka atimize miaka ishirini na mmoja."

"Mwanagenzi ndiyo nini?"

"Mtu anayefundishwa kazi."

"Kazi gani?"

"Kazi za nyumbani."

"Hizo anazijua. Nimemfundisha mimi."

Askari alitazama karatasi yake, siyo uso wa Tempie. "Mtoto huyu hana baba wala mama kisheria. Ndivyo ilivyoandikwa."

"Kwa hiyo mimi hapa ni nani?" Tempie aliuliza.

"Tempie," Kerrick alisema kutoka juu ya gari, kwa sauti ya upole. "Usinipigie kelele. Nakujua tangu huna meno. Nyumbani kwangu atakula vizuri."

Askari alimshika Viney mkono. Mtoto alikuwa bado ameushika ule mti wa kukorogea. Askari aliuchomoa, akautupa majanini, akamnyanyua garini. Tempie alikimbia nyuma ya gari akiita mpaka kwenye daraja. Hapo akasimama, kwa sababu Juba alikuwa peke yake karibu na moto.

*

Isham alirudi jioni, mikono imegandamana kwa utomvu. Tempie alipomweleza, hakuuliza neno la pili. Alichukua shoka.

"Namfuata," alisema. "Giza likiingia tunamtoa jikoni kwa Kerrick, tunaingia kwenye vinamasi. Kaka yangu alikaa kule miaka miwili, hawakumwona."

Tempie naye alishaanza kufunga mzigo: mkate wa mahindi, kipande cha nyama ya nguruwe, blanketi. Mikono yake ilifanya kazi yenyewe. Tangu utoto wao, shida ya mzungu ilikuwa na dawa moja tu, nayo ni kukimbia.

"Shemeji, huo mzigo ni wa harusi ya nani?"

Aliyeuliza alikuwa jirani yao, Sajini Mingo, amesimama mlangoni. Mingo alitoroka utumwani wakati wa vita, akajiunga na jeshi la Kaskazini. Alirudi na koti la bluu lisilo na vifungo na mguu mmoja unaomsumbua kwenye baridi. Kusoma alijifunza ndani ya hema. Siku hizi alikuwa anapasua vigae vya mbao vya kuezekea shule mpya, na nywele zake zilikuwa zimejaa vumbi la mbao.

"Mingo, toka mlangoni," Isham alisema.

"Sitoki. Weka shoka chini kwanza."

"Wamemchukua mwanangu!"

"Nimesikia. Njia nzima imesikia. Sasa wewe nisikilize mimi. Ukienda na shoka, kesho watasema Isham ameiba mtoto. Watakufunga. Wewe utakuwa jela, Tempie atakuwa kwenye kinamasi na mtoto mchanga, na Viney watamrudisha kwa Kerrick. Hapo mtakuwa mmemsaidia nani?"

Isham alisimama vilevile na shoka lake. "Wewe ulipokuwa na shida nao ulichukua bunduki."

"Nilichukua, ndiyo. Na kwa sababu ya zile bunduki leo kuna ofisi mjini ambayo Kerrick akiitwa lazima aende. Twende tuitumie. Mwaka juzi hukuwa na mahali pa kumshtaki. Leo pana mahali, halafu wewe unataka kukimbilia kwa mbu?"

Juba akaanza kulia. Isham aliweka shoka chini, akamnyanyua mtoto.

Mingo alikaa kwenye gogo, akaunyoosha mguu wake mbovu. "Nilipita hapa mwezi wa tano," alisema taratibu. "Niliwaambia nini?"

Tempie alitazama pembeni. Alikumbuka vizuri.

Mwezi wa tano Mingo alileta habari ya sheria mpya. Kila mume na mke waliooana utumwani waende kwa karani wa wilaya, waandikishwe. Tempie alikasirika siku hiyo. Yeye na Isham waliruka ufagio siku ya Krismasi, mbele ya watu wote, kama wazazi wao walivyofanya. Mtumwa hakuruhusiwa ndoa ya kisheria. Ufagio ndio uliokuwa cheti chao, na macho ya wenzao ndiyo yaliyokuwa mhuri.

"Niende kumwambia karani kwamba miaka yote hii nilikuwa hawara?" ndivyo alivyomjibu Mingo. "Sitaki aibu hiyo."

Na Isham alikuwa na lake. "Jina la mama yangu liliandikwa kwenye karatasi mara moja tu," alisema. "Siku aliyouzwa kwenda Georgia. Jina langu liache mdomoni mwa watu."

Basi hawakwenda.

"Sikujua," Tempie alisema sasa, akafungua mzigo na kuurudisha mkate mezani. "Sikujua watatumia kutoandikishwa kwetu kumchukua mtoto."

"Hakuna anayekulaumu, shemeji. Wenye kulaumiwa wako ng'ambo ya kijito, wanakula chakula alichopika mtu mwingine." Mingo alisimama. "Asubuhi tunakwenda mjini. Na tunamchukua Shangazi Silvey, yule mzee mliyekuwa naye kwa Kerrick."

"Shangazi Silvey wa nini?" Isham aliuliza. "Atapiga domo njia nzima."

"Domo lake ndilo ninalolitaka."

*

Njia ya mjini ilipita kando ya reli. Mafundi walikuwa wanapigilia vyuma vipya mahali ambapo jeshi liling'oa vile vya zamani. Shangazi Silvey alipanda mkokoteni wa nyumbu, kichwani amefunga kitambaa chake chekundu cha kanisani. Wengine walitembea.

Isham akasema, "Mingo, wewe umesoma. Nieleze. Vita vimekwisha. Kerrick alishindwa, tukaambiwa tuko huru. Imekuwaje aje kwangu mchana kweupe achukue mtoto?"

"Nianzie wapi?"

"Anzia mwanzo," Tempie alisema. "Tuna njia ndefu."

Mingo alianza. "Nchi hii ni moja, lakini iliishi kama nyumba yenye majiko mawili. Huku Kusini, utajiri ulitoka kwenye pamba na tumbaku, na pamba na tumbaku zilitoka kwenye migongo yetu. Kaskazini, majimbo yalikuwa yameshaacha utumwa. Kule waliajiri watu, kwa ujira mdogo, lakini mtu hakuuzwa."

"Kwa hiyo wao walikuwa watu wema," Isham alisema.

"Wengine wema, wengine wanafiki. Viwanda vyao vilifuma pamba yetu na hawakuuliza nani aliichuma. Lakini walikuwepo waliopiga kelele, weupe na weusi, kwamba kumiliki mtu ni dhambi. Sasa, nchi ilikuwa inapanuka kwenda magharibi. Kila jimbo jipya likizaliwa, ugomvi ni uleule: liwe na watumwa, au lisiwe nao? Waligombana bungeni, wakapatana nusunusu, wakagombana tena. Akachaguliwa rais aliyesema utumwa usiendelee kuenea. Matajiri wa Kusini wakaona hapo mali yao imeguswa. Wakayatoa majimbo yao katika nchi, moja baada ya jingine, wakaanzisha nchi yao."

"Nchi ya kina Kerrick," Silvey alisema kutoka mkokotenini.

"Hiyohiyo. Ndipo vita vilipoanza, vita vya wenyewe kwa wenyewe, miaka minne. Mwanzoni wakubwa wa Kaskazini walisema wanapigana ili nchi isigawanyike tu. Sisi hawakututaja."

"Nani akawafanya watutaje?"

"Sisi wenyewe! Nilipotoroka mimi, walitoroka maelfu. Tuliingia kwenye makambi yao na watoto mgongoni. Mashamba ya Kusini yakabaki bila mikono. Ikabidi rais atangaze kwamba watumwa wa majimbo yale yaliyoasi ni huru, na watu weusi wakaruhusiwa kushika bunduki. Kusini ikashindwa. Halafu ikabadilishwa katiba yenyewe, kwamba utumwa hautakuwepo tena popote katika nchi hii."

"Amina," Silvey alisema.

"Sasa ndipo lilipo jibu lako, Isham. Vita vilipokwisha, wakubwa wa zamani walirudi kwenye mabaraza ya majimbo yao, wakatunga sheria. Neno mtumwa hawaliandiki tena. Wanaandika mwanagenzi. Wanasema mtoto asiye na wazazi wa kisheria apewe bwana wake wa zamani. Nao wanajua kabisa kwamba sheria yao wenyewe ndiyo iliyotunyima ndoa."

Tempie alisimama katikati ya njia. "Yaani walitukataza kuoana. Halafu wanachukua watoto kwa sababu hatukuoana."

"Sasa umeelewa kuliko mimi nilivyoelewa mwanzo."

"Huo si ujanja mkubwa," Tempie alisema, akaanza kutembea tena, mara hii kwa haraka. "Mwizi wa kuku ana akili kuliko hiyo."

Mingo alicheka. "Bunge la nchi nzima nalo limewakasirikia. Mwaka huu limepitisha sheria kwamba kila aliyezaliwa hapa ni raia, ana haki ya kushtaki na kutoa ushahidi. Ndiyo kujenga nchi upya huko. Si reli tu hii."

*

Karani wa wilaya alikuwa mtu mnene, na hakufurahi kuwaona. Mingo alikuwa ameshawafundisha. "Semeni wazi. Msiombe msamaha. Sheria inamtaka awaandikishe, hawafanyii hisani."

"Jina?" karani aliuliza.

"Isham."

"Isham nani? Kerrick, kama bwana wako?"

"Si Kerrick." Isham alikohoa. "Bonner."

Tempie aligeuka. "Bonner? Toka lini?"

"Toka babu yangu. Baba aliniambia nisilitaje mbele ya bwana."

"Tumelala kitanda kimoja miaka yote hii, hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

"Mungu wangu," Silvey alisema. "Tempie, umeolewa na mtu usiyemjua."

Hata karani nusura atabasamu. Akachovya kalamu. "Mmeishi kama mume na mke tangu lini?"

Tempie alidhani hakusikia vizuri. "Unasema?"

"Nauliza mlianza lini. Lazima niandike. Sheria haiwafungishi ndoa leo. Inaandika ndoa mliyokuwa nayo tayari, na tarehe ilipoanza."

Tempie alisogea karibu na meza. Miezi yote hii alikimbia aibu ambayo haikuwepo. Karatasi haikumwita hawara. Ilikuwa inamuuliza habari za ufagio wake.

"Ilikuwa Krismasi," alisema. "Mwaka ule maji yalipobeba daraja."

"Elfu moja mia nane hamsini na nne," Mingo alisema.

Karani akaandika. Isham na Tempie wakaweka alama ya msalaba badala ya saini, kila mmoja chini ya jina lake. Karani akampa Isham karatasi hiyo.

Kutoka hapo walikwenda kwenye ofisi ya serikali inayoshughulikia watu walioachwa huru. Kapteni wa ofisi hiyo alikuwa mzungu wa Kaskazini, mchovu, anayechechemea. Alisikiliza kidogo, akasema, "Rudini mwezi ujao. Nina mashauri mengi."

Isham alianza kurudi nyuma. Tempie hakusogea.

"Bwana Kapteni, una watoto?"

"Ninaye mmoja."

"Mwezi mmoja ni mrefu kwa mtoto. Wangu hajawahi kulala mbali na mimi. Niambie unataka kujua nini, nikwambie sasa hivi."

Kapteni alimtazama. Akavuta kiti. "Mahakama iliwaita kabla ya kutoa amri?"

"Haikutuita. Hakuna aliyekuja kutuambia."

"Mtoto anakula kwa jasho la nani?"

"La kwangu na la baba yake. Mimi nafua, yeye anagema utomvu. Tuna viazi, mahindi, na nguruwe wawili. Njoo uone."

"Mashahidi?"

"Yupo mmoja nje, kwenye mkokoteni. Ukimwita ujue hatanyamaza."

Kapteni aliandika barua fupi ya kumwita Kerrick. "Ijumaa," alisema.

*

Ijumaa ofisi ilijaa. Kerrick alikuja amevaa koti zuri. Hakuwa na wasiwasi. Alisimama, akaeleza kwa ufasaha.

"Kapteni, watu hawa wameandikishwa Jumanne. Amri ya mahakama ilitangulia. Siku ile ilipotolewa, hawakuwa mume na mke. Mtoto hakuwa na baba. Na hii tarehe ya mwaka hamsini na nne ni maneno yao matupu."

Tempie alimtazama Mingo. Mingo alimwonyesha kwa kidevu: Silvey.

"Shahidi," Kapteni aliita.

Shangazi Silvey alisogea mbele na kile kitambaa chake chekundu. "Mimi ndiye niliyeshika ufagio," alisema. "Upande mmoja mimi, upande mwingine marehemu Cato wa zizini. Tempie aliruka juu kama mbuzi. Huyu Isham, kisigino chake kiligusa fimbo. Kwa hiyo kwa desturi yetu, Tempie ndiye mkubwa wa nyumba. Muulizeni kama si kweli."

Watu walicheka. "Ni kweli," Isham alisema. Wakacheka zaidi.

"Na ule ufagio haukuwa wangu," Silvey aliendelea. "Ulitoka nyumba kubwa. Bwana Kerrick, nani alinipa ufagio?"

Kerrick alianza kunyoosha koti lake.

"Wewe ulinipa. Ulisimama barazani na glasi mkononi. Ukasema, 'Isham, huyu ndiye mke wako, na usimsumbue.' Ukatoa nguruwe mzima, tukala mpaka asubuhi. Nawe ulikula mguu wake. Au nakusingizia?"

"Ilikuwa desturi," Kerrick alisema. Uso ulimwiva. "Mchezo wa Krismasi tu. Kuwafurahisha watu."

"Kwa hiyo yalitokea?" Kapteni aliuliza. "Siku hiyo, mwaka huo?"

"Nimesema ulikuwa mchezo."

Tempie hakuwa amepanga kusema. Alijikuta amesimama, Juba begani.

"Kwako ulikuwa mchezo, Bwana Kerrick. Ulipotwambia tumekuwa mume na mke, sisi tulikuamini. Tuliishi hivyo. Viney alizaliwa ndani ya hiyo ndoa, na ukaja kumtazama, ukasema ana pua ya baba yake. Baba huyo ulimjua siku ile. Jumatatu umemsahau?"

Kapteni alichukua mkataba wa uanagenzi, akausoma tena polepole.

"Wazazi wako hai," alisema. "Wanafanya kazi. Walikuwa mume na mke muda mrefu kabla ya mtoto kuzaliwa, na Bwana Kerrick mwenyewe alikuwepo. Mahakama haikuwaita. Mkataba huu naufuta. Mtoto arudi kwao leo. Si kesho."

Isham alijifunika uso kwa mikono yote miwili. Silvey alianza kuimba wimbo wa kanisani, Kapteni akamwomba aimbie nje.

Tempie hakutoka. "Na watoto wengine walioko kwake?" aliuliza. "Wavulana wawili wa dada Easter wako kwenye shamba lake la pamba."

"Easter aje," Kapteni alisema. "Wazazi waje na mashahidi wao."

"Watakuja," Tempie alisema. "Nitawaleta."

*

Walimkuta Viney jikoni kwa Kerrick, anasukasuka maziwa apate siagi. Macho yalikuwa yamevimba. Alipomwona mama yake hakumkimbilia. Alisimama akakunjakunja aproni kubwa aliyovishwa, kama mtu asiyeamini.

"Mama," alisema, "zile shuka ziliungua?"

"Mbili," Tempie alisema. "Yule mama wa mjini amekasirika mpaka basi."

"Kwa hiyo utampelekea mimi ajifunike?"

"Nani? Wewe?" Tempie alipiga magoti, akamvua ile aproni na kuiacha sakafuni. "Wewe hupelekwi kwa mtu tena. Una jina. Unaitwa Viney Bonner."

"Bonner ndiyo nani?"

"Muulize baba yako. Mimi pia nimelijua juzi."

Jumamosi iliyofuata, njia ya mjini ilijaa watu wanaokwenda kwa karani. Tempie alikuwa amepita nyumba kwa nyumba. Walikuja vijana, na walikuja wazee waliokaa pamoja tangu ujana wao, wamevaa nguo za Jumapili, wanataniana nani aliruka ufagio vizuri na nani alijikwaa. Kila mwanamke aliyesita, Tempie alimwambia neno moja. "Nenda usiogope. Hawakuulizi kama umeolewa. Wanakuuliza tangu lini." Kabla ya majira ya baridi, wavulana wa Easter nao walikuwa wamerudi kwao.

Vigae vya Mingo vilienea juu ya paa. Shule ikafunguliwa, mchana kwa watoto, jioni kwa watu wazima. Tempie alikwenda jioni, amembeba Juba. Isham alikwenda pia, ingawa alidai anamsindikiza mkewe tu. Mwalimu akiuliza swali, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

Siku moja ya masika Viney alirudi kutoka shule, akasimama mbele ya ukuta. Hapo Isham aliitundika ile karatasi ya karani, karibu na mlango unaofungwa kwa ndani.

"Mama, naweza kuisoma sasa."

"Soma tusikie."

Viney aliweka kidole kwenye neno la kwanza. Alisoma polepole, anameza mate kila baada ya neno gumu. "Isham Bonner na Tempie Bonner... wamekiri mbele yangu... kwamba wameishi kama mume na mke... tangu siku ya Krismasi... mwaka elfu moja mia nane hamsini na nne."

Alinyamaza. Alihesabu kwenye vidole vyake, midomo ikichezacheza. Kisha akageuka.

"Mimi nilikuwa sijazaliwa!"

"Hukuwa umezaliwa," Tempie alisema.

"Kwa hiyo nilipozaliwa, nilikuta baba na mama wapo tayari."

"Ulitukuta," Tempie alisema. "Tulikuwa tunakungoja."